Betri: Kihenge cha Umeme wa Jua

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala viwavijeshi. Tutazungumza juu ya betri ya umeme wa jua.

Msishangae. Huu ndio msimu wa fedha. Mahindi yameuzwa, tumbaku imekwenda sokoni, na mpunga wa Mpimbwe umekobolewa. Kwenye minada na madukani sola zimepangwa zinang'aa. Mkulima anatoa fedha ya magunia kadhaa, anarudi nyumbani na betri, na siku ya kwanza watoto wanasoma mpaka saa nne usiku. Masika moja ikipita, taa zinazimika saa mbili. Mwaka wa pili betri imekufa kabisa, imebaki kuwa kigoda cha kupandia kuku. Fedha ile ingeweza kununua mbolea ya shamba. Hasara hii inazuilika, lakini sharti tujue kile tunachokinunua.

Mkoa wetu unaijua shida ya umeme. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliwashwa kwa jenereta za dizeli, na ndiyo maana laini kubwa ya kilovolti 132 ikajengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ili kutuunga na Gridi ya Taifa. Lakini hata pale nguzo zinapofika kijijini, si rahisi zifike kwenye kambi ya shambani, kwenye zizi, au kwenye mtumbwi ziwani. Huko betri bado ina kazi.

BETRI NI NINI HASA?

Jua linatoka mchana, nasi twahitaji taa usiku. Ni sawasawa na mahindi: tunavuna mara moja, tunakula mwaka mzima. Katikati tunaweka kihenge. Betri ni kihenge cha umeme. Paneli inavuna, betri inahifadhi, taa na redio zinakula.

Mtu anayejenga kihenge hujiuliza mambo matatu. Kiwe kikubwa kiasi gani? Nichote mpaka wapi bila kujiletea njaa? Kitadumu miaka mingapi? Anayenunua betri naye ajiulize hayo hayo matatu.

AINA ZA BETRI

Aina ya kwanza ni betri ya risasi. Ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna sahani za risasi zilizolowa katika maji yenye asidi ya salfa. Umeme ukiingia, sahani zinabadilika. Umeme ukitoka, zinabadilika tena na kufunikwa na chumvi nyeupe. Risasi si kitu kigeni kwetu. Katika miaka ya 1950 Mpanda ilijulikana kwa mgodi wake wa risasi wa Mukwamba, na reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya madini hayo.

Aina ya pili ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoiuza kwanza, mwaka 1991. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Kazi yake ni nyepesi kueleza: chembe ndogo za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili betri inapochajiwa, na zinarudi kwao inapotumika.

Lithiamu nayo ina koo zake. Ile ya kwenye simu ni nyepesi sana, lakini ikiharibika hushika moto kwa urahisi. Ile inayotufaa nyumbani ni lithiamu ya chuma na fosfeti. Ndiyo, fosfeti, jamaa ya ile iliyomo katika mbolea ya Minjingu. Hii ni nzito kidogo kuliko ya simu, lakini ni tulivu zaidi na inadumu. Ubavuni mwake huandikwa LiFePO4.

Iko na ya tatu, ambayo bado ni mpya sokoni: betri ya sodiamu. Sodiamu imo katika chumvi ya kawaida, kama ile inayotoka Uvinza. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya aina hiyo. Inachukua nafasi kubwa kuliko lithiamu, lakini malighafi yake ni rahisi kupatikana. Yafaa tuifuatilie, ila usikae gizani ukiingojea.

MAENDELEO HAYA YAMEFIKA WAPI?

Tangu mwaka 2010 bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ndiyo sababu leo unaziona hata kwenye maduka ya Mpanda. Huko Australia ya Kusini mwaka 2017 iliwekwa betri kubwa ya megawati 100 mahali paitwapo Hornsdale, jirani na mitambo ya upepo. Jirani zetu wa Malawi, hapo Golomoti wilayani Dedza, mwaka 2022 walifungua kituo cha umeme wa jua cha megawati 20 chenye betri ya kuhifadhi megawati-saa 10. Hapa hapa Tanzania, katika kisiwa cha Ukara ndani ya Ziwa Viktoria, mwaka 2016 wananchi walianza kupata umeme wa jua unaohifadhiwa kwenye betri, na jenereta ikiwa msaidizi tu.

Kwa hiyo betri inayowasha kijiji na ile ya nyumbani kwako zinafuata kanuni moja. Tofauti ni ukubwa wa kihenge.

IPI UNUNUE?

Tulinganishe betri ya risasi na ya lithiamu ya fosfeti.

(a) Kuchota. Betri ya risasi usiichote zaidi ya nusu. Ukiimaliza kila siku, ile chumvi nyeupe inaganda kwenye sahani na haiondoki tena. Ya lithiamu unaweza kuchota hadi asilimia 80 bila wasiwasi. Maana yake, betri mbili zilizoandikwa namba moja hazikupi chakula sawa.

(b) Kudumu. Betri ya risasi iliyotunzwa huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara mia kadhaa. Ya lithiamu ya fosfeti huvumilia maelfu. Kwa matumizi ya kila siku, hiyo ni tofauti ya miaka miwili au mitatu dhidi ya miaka minane au zaidi.

(c) Masika. Betri ya risasi hujaa pole pole, hasa ikikaribia kujaa. Kuanzia Novemba mawingu yanapotanda, inakaa nusu nusu kwa majuma, nayo inaugua. Ya lithiamu hupokea upesi saa chache za jua, wala haiumii kwa kukaa nusu.

(d) Bei. Hapa risasi inaonekana kushinda, lakini twende pole pole. Tuchukue mfano tu, maana bei ya dukani itakuwa yake. Tuseme betri ya risasi ni magunia 3 ya mahindi na inadumu miaka 2. Ya lithiamu ni magunia 7 na inadumu miaka 8. Katika miaka 8 hiyo utanunua za risasi mara nne: magunia 12. Ya lithiamu ni yale yale magunia 7. Rahisi imekuwa ghali. Nenda na bei halisi ya duka, ufanye hesabu hiyo hiyo kabla ya kutoa fedha.

Neno juu ya betri ya gari. Wengi tunaitumia kwa sababu ipo. Lakini betri ya gari imeundwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Kuitumia kuwasha taa usiku kucha ni sawa na kumfunga farasi wa mbio kwenye jembe. Ukitaka ya risasi, omba betri ya sola.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukua kalamu. Tuseme nyumba ina taa 4 za wati 5, zinawaka saa 5 kila usiku. Nne mara tano mara tano: wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6: wati-saa 30. Simu 3, kila moja wati-saa 10: wati-saa 30. Jumla kwa siku ni wati-saa 160.

Tunataka akiba ya siku 2 za mawingu. Mara mbili: wati-saa 320.

Kwa betri ya risasi tunachota nusu tu, kwa hiyo tunahitaji wati-saa 640. Gawanya kwa volti 12: unapata ampea-saa 53 na kitu. Nunua ya 60, usishuke chini yake.

Kwa lithiamu tunachota asilimia 80, kwa hiyo tunahitaji wati-saa 400. Gawanya kwa volti 12.8: ampea-saa 31 na kitu. Ya 40 itakutosha na kubaki.

Sasa paneli. Njiani umeme unapotea kiasi, basi ili upate 160 vuna kama 230. Siku isiyo nzuri tuhesabu saa 4 za jua kamili. 230 gawanya kwa 4 ni wati 58. Weka paneli ya wati 80, nawe utakuwa salama. Kihenge kikubwa chenye shamba dogo hakijai kamwe. Wanaonunua betri kubwa na paneli ndogo wanaiua betri kwa njaa.

Ukiongeza televisheni, rudia hesabu. Usiongeze mdomo wa kula bila kuongeza shamba.

PASIPOHITAJI BETRI

Ndugu mkulima, kuna kazi ambazo betri haifai, na kuzijua kutakuokolea fedha nyingi.

Ya kwanza ni kumwagilia. Usinunue betri ili upampu maji usiku. Funga pampu moja kwa moja na paneli, ivute maji jua likiwapo, iyapandishe kwenye tangi lililoinuliwa. Tangi hilo ndilo betri yako. Maji yakishapanda juu, hayaishi chaji; jioni unafungua bomba, bustani ya nyanya na mchicha inakunywa. Tangi bovu unaliziba mwenyewe. Betri bovu huizibi.

Ya pili ni mashine ya kusaga. Mashine ya kilowati 7.5 ikisaga saa 4 inakula wati-saa 30,000. Betri nzuri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inashika wati-saa 1,280 tu. Utahitaji betri zaidi ya 20! Anayekuambia kwamba betri moja na inveta vitaendesha mashine ya kusaga, muage kwa heshima uende zako. Saga mchana kwa jua, au tumia umeme wa gridi ulipo.

Ya tatu ni ubaridi wa chanjo. Siku hizi yapo majokofu ya zahanati yanayotumia jua bila betri: mchana yanagandisha barafu, na usiku barafu inalinda chanjo. Akiba si lazima iwe umeme. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa barafu, inaweza kuwa unga uliokwisha kusagwa.

UKIFIKA DUKANI

1. Uliza uzito. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo zinazokaribia 30. Ya lithiamu ya fosfeti zaidi ya kilo 10. Ukiinyanyua ukaiona nyepesi kama debe tupu, iache.

2. Hakikisha lithiamu ina kinga ya ndani inayoikata isijae kupita kiasi wala isiishe kabisa. Betri iliyofungwa mtaani kwa seli kuukuu za kompyuta, usiilaze ndani ya nyumba wanamolala watoto.

3. Angalia kontrola ya chaji. Kontrola ya risasi na ya lithiamu hazipangwi sawa. Mwambie fundi aipange kwa aina ya betri yako.

4. Chukua risiti na dhamana ya maandishi. Dhamana ya mdomo huisha mnada ukifungwa.

5. Ipime nyumbani dhamana ikiwa hai. Ijaze kabisa, kisha washa taa za jumla ya wati 20 tu, uangalie saa. Ya lithiamu ya ampea-saa 40 ina wati-saa 512, basi iwake kiasi cha saa 25. Ikizima baada ya saa 10, umeuziwa chini ya nusu. Irudishe. Kipimo hiki usikifanye kwa betri ya risasi, kwa maana kuimaliza ni kuiumiza.

UTUNZAJI

Adui wa kwanza ni njaa. Kontrola ikizima taa, imekuambia kwamba kihenge kimefika kwenye mbegu. Nimeona nyumba nyingi ambamo taa zikizima mtu anachukua waya, anairuka kontrola na kuunga redio moja kwa moja kwenye betri, ili amalizie mpira. Huko ni kula mbegu. Zima, lala, subiri jua.

Adui wa pili ni joto. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 zikizidi juu ya 25 hupunguza umri wake kwa kadiri ya nusu. Mwezi wa Oktoba chini ya mabati yetu ni tanuri. Weka betri chini, juu ya kibao, kwenye chumba chenye kivuli na hewa. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hiyo kibatari, jiko na sigara vikae mbali.

Adui wa tatu ni kiu, kwa zile za risasi zenye vifuniko. Kila mwezi tazama maji. Yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri yaliyosafishwa, yasiyo na asidi. Maji ya kisima yana chumvi za ardhini, yanaharibu sahani. Vaa miwani au kinga ya macho. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi na kimbilia zahanati.

Adui wa nne ni kuchanganya. Usiunge betri mpya na kuukuu. Ni kama kumfunga nira maksai kijana na mzee: hawavuti sawa, na wote wawili wanachoka mapema. Vichwa vya betri visafishe kwa magadi soda na maji ya uvuguvugu, ukaushe, upake grisi. Na fyuzi iwepo siku zote, karibu na betri.

BETRI IKIFA

Hapa nakuomba usikilize kwa masikio yote mawili, maana hili ni la uhai.

Huko Mombasa, nchini Kenya, pana mtaa uitwao Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi kilianza kazi hapo mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na maji machafu viliingia mtaani. Watoto walikutwa na risasi katika damu, na watu waliugua na kufa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu hiyo. Lakini fedha haiondoi risasi katika ubongo wa mtoto. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

Kwa hiyo:

Usiivunje betri. Usimwage asidi yake shambani wala karibu na kisima. Maji hayo yana risasi ndani.

Usiyeyushe sahani zake jikoni wala uani, iwe ni kwa kutengeneza risasi za nyavu au kitu kingine chochote. Moshi ule mtoto anauvuta, na vumbi lake anakula nalo ugali.

Usiwape watoto wachezee, wala usiiache kuku wakadonolea.

Irudishe ilivyo, nzima, na asidi yake ndani, ikiwa imesimama wima. Rudisha dukani unaponunua mpya, au umuuzie mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi. Vibali hivyo vinasimamiwa na mamlaka za serikali za mazingira. Betri ya risasi iliyokufa bado ina thamani, kwa kuwa karibu risasi yake yote inaweza kutumika tena. Vikundi na vyama vya msingi vingefanya vyema kuzikusanya pamoja, zikae mahali pamoja penye sakafu na paa, zichukuliwe kwa gari moja. Ya lithiamu nayo usiitupe motoni wala kuitoboa.

KWA KUMALIZA

Ndugu mkulima, kabla hujaifungua ile fedha uliyoifunga kwenye kitambaa, kaa na mwenzako wa nyumbani mfanye hesabu ile ya wati-saa. Andikeni vyombo, saa na jumla. Nendeni dukani na karatasi hiyo, msimwachie muuzaji awahesabie. Kama hesabu inawachanganya, mwoneni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata, au mwalimu wa sayansi, mkae naye nusu saa. Nusu saa hiyo inaweza kuwaokolea magunia.

Nanyi mnaojua kuweka mahindi mpaka msimu mwingine bila kuliwa na dumuzi, kuweka umeme mpaka asubuhi hakuwezi kuwashinda.